Tangi la Samaki Lisilo na Samaki

Mtoto wetu wa kiume alipofanya vizuri mtihani wa darasa la nne, baba yake alimwahidi zawadi. Hakuomba baiskeli wala viatu vya mpira. Aliomba samaki wa dhahabu, kama wale aliowaona sebuleni kwa rafiki yake. Tukanunua tangi la kioo la lita 60, chujio lake la umeme, changarawe na samaki wanne. Siku hiyohiyo tukajaza maji ya bomba, tukawatia samaki humo, na jioni nyumba nzima ikakaa kuwatazama.

Siku ya nne maji yakaingia ukungu mweupe. Mimi ni mama ambaye silali vizuri nikijua kuna sufuria chafu jikoni. Nikawahamishia samaki kwenye ndoo, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo na changarawe, na sponji la chujio nikalifikicha chini ya bomba mpaka likaacha kutoa tope. Kisha nikajaza maji mapya. Tangi likang'aa kweli! Lakini siku iliyofuata samaki wakawa wanaelea juu, midomo wazi, wakihema. Kufikia Jumapili wote wanne walikuwa wamekufa.

Nilimwambia mtoto, "Unaona sasa? Ni wewe uliyekuwa unawatupia mkate kila saa." Hakujibu. Aliwafukia chini ya mpapai, na kwa wiki kadhaa hakutaka hata kulitazama lile tangi.

Mama msomaji, naandika makala hii kwa sababu nilikuja kugundua kwamba maneno yale hayakuwa ya haki.

KILICHOWAUA SAMAKI WETU

Mtaani kwetu yuko mwalimu mstaafu wa baiolojia ambaye zamani alifuga samaki. Nilipita kwake kumwuliza kama angependa kulichukua tangi letu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu. Tangi lina ubaya gani?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Tangi lilikaa na maji kwa muda gani kabla ya kutia samaki?" Nikamjibu kwamba halikukaa hata saa tatu. Akatikisa kichwa. "Basi, mama, mliwahamishia kwenye nyumba isiyo na choo."

Akanieleza hivi. Samaki akipumua na akijisaidia hutoa amonia, ile ile inayokupiga puani ukiingia choo kisichofanyiwa usafi. Chakula kinachobaki na kuoza nacho hutoa amonia. Ziwani au mtoni maji ni mengi na amonia huchukuliwa mbali. Katika tangi dogo hubaki papo hapo, huunguza matamvua, na samaki hushindwa kupumua.

Tangi lililokomaa lina watumishi wake. Bakteria wa kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa maana huharibu damu ya samaki isiweze kubeba hewa vizuri. Bakteria wa kundi la pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi, na ambayo sisi huiondoa kwa kubadili maji. Jambo hili si geni. Mwanasayansi Sergei Winogradsky aliwachunguza bakteria wa namna hii tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika matangi ya maji yasiyo na chumvi kazi ile ya pili hufanywa na bakteria waitwao Nitrospira, si wale wa jamii ya Nitrobacter kama watu walivyodhani kwa miaka mingi.

Bakteria hao hawatoki dukani pamoja na kioo. Huja wenyewe kidogo kidogo na huongezeka polepole sana. Tangi jipya kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita, na pengine nane, ili wawe wa kutosha.

"Kwa hiyo," nikauliza, "mkate wa mtoto haukuwaua?"

"Mkate uliongeza uchafu kidogo," alisema. "Lakini hata bila mkate wasingepona. Na wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika kwenye sponji, mama, uliwaosha kwa maji ya klorini."

Nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Jioni nilimwita mwanangu uani, nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilisema ni wewe uliyewaua samaki. Si kweli. Mimi na baba tuliwaweka mahali ambapo hapakuwa tayari, na mimi ndiye niliyeharibu zaidi." Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo tunaweza kujaribu tena?" Nikasema ndiyo, lakini safari hii tutaliandaa tangi kwanza, na samaki watakuja mwisho.

KULISHA TANGI TUPU

Huenda unajiuliza: kama hakuna samaki, amonia itatoka wapi ya kuwalisha bakteria? Lazima tuitie wenyewe. Zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuweka kitu kitakachooza, kwa mfano chakula cha samaki au kamba mmoja mbichi aliyefungwa katika kipande cha soksi ya nailoni. Ni rahisi, lakini huwezi kujua ametoa amonia kiasi gani, na ananuka! Njia ya pili ni kutumia chumvi iitwayo kloridi ya amonia, inayopatikana katika maduka ya vifaa vya maabara za shule. Kwa tangi la lita 60 tuliyeyusha gramu 4 katika nusu lita ya maji. Kila mililita 50 za mchanganyiko huo hutia kiasi cha miligramu 2 za amonia katika kila lita ya maji ya tangi. Hicho ni kiasi cha kutosha kwa mara moja.

Chupa hiyo iandikwe jina, ifungiwe mbali na watoto, na isikutane kabisa na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kwani vikichanganyika hutoa hewa ya sumu.

Utahitaji pia vipimo vya maji, vile vya matone vinavyobadili rangi, vya amonia, nitriti, nitrati na uchachu wa maji, yaani pH. Wenye maduka ya samaki huviuza. Si vya bei ya karanga, lakini bila vipimo utakuwa unapika gizani. Chujio lifanye kazi usiku na mchana, kwa kuwa bakteria hawa huhitaji hewa. Joto la nyuzi 25 hadi 30 huwafaa sana, hivyo sisi wa pwani tuna bahati. Aliye Njombe au Limuru atangoja zaidi, au atumie chombo cha kupasha maji.

JE, MAJI YABADILIWE WAKATI WA KUNGOJA?

Hapa ndipo akina mama wengi tunapokosea, mimi nikiwa wa kwanza. Mkono wetu umezoea: kitu kikiwa na ukungu, kioshwe; kikinuka, kimwagwe. Mwalimu aliniwekea sheria moja: "Usibadili maji kwa sababu ya macho wala pua. Badili kwa sababu ya kipimo."

Kumbuka kwamba bakteria tunaowataka hawaishi sana ndani ya maji yenyewe. Hushika kwenye sponji la chujio, kwenye changarawe na kwenye kioo. Kwa hiyo kubadili maji hakuwaondoi, kama wengi wanavyohofu. Hata hivyo kubadili ovyo kuna hasara mbili: unamwaga chakula chao, na ukitia maji yenye klorini unawaua. Kwa sababu hiyo, katika tangi lisilo na samaki, kama vipimo viko sawa, acha maji yakae. Hakuna kiumbe anayeteseka humo.

Siku ya tano ya jaribio letu la pili ule ukungu mweupe ulirudi. Nilikuwa nimeshashika ndoo. Mwanangu akanizuia: "Mama, Mwalimu amesema tupime kwanza." Tukapima, tukakuta amonia bado haijapita kiasi. Ukungu ule ni bakteria wa aina nyingine, wanaokula uchafu unaooza, nao huongezeka haraka na kupungua wenyewe. Baada ya siku nne maji yalikuwa safi bila mtu kuyagusa.

MARA TATU TULIZOBADILI

Ili usidhani kwamba kungoja ni kukaa tu, nitakueleza mara tatu ambazo vipimo vilitulazimisha kubadili maji.

1. Amonia ilipozidi. Tulianza na kamba mmoja, na siku ya 12 amonia ilisoma 8. Amonia ikipita 5 hivi inaweza kuwalemea hata bakteria wenyewe, na kazi ikachelewa. Tulimtoa kamba, tukaondoa nusu ya maji, na amonia ikashuka hadi 4. Tangu siku hiyo tulitumia ile chumvi ya maabara, mililita 50 kila amonia ilipokaribia kwisha.

2. Nitriti ilipopita rangi ya mwisho ya kipimo. Kufikia siku ya 24 amonia ilikuwa inashuka vizuri, lakini nitriti ilikuwa ya zambarau iliyokoza. Rangi ya mwisho kwenye kadi yetu ilikuwa 5. Mtu akifika hapo hajui kama ana 5 au 25. Kundi la pili la bakteria ndilo huchelewa zaidi, na hapo wengi hukata tamaa. Tulibadili nusu ya maji, rangi haikubadilika. Kesho yake tukabadili nusu nyingine, nayo ikasoma 2. Sasa tuliweza kuona tunakoelekea.

3. Maji yalipochacha. Siku ya 33 kila kitu kilisimama. Amonia haikushuka, nitriti haikushuka. Nilidhani bakteria wamekufa. Mwalimu akasema nipime pH, nikakuta 6, ilhali siku ya kwanza ilikuwa zaidi ya 7. Bakteria hawa wakifanya kazi hutoa asidi, na asidi hiyo hula chumvichumvi za maji zinazozuia uchachu. Zikiisha, pH huporomoka. Ikishuka chini ya 6.5 kazi yao hupungua, na ikifika 6 karibu isimame kabisa. Jambo hili huwapata zaidi wenye maji laini, kama ya mvua. Dawa yake haikuwa dukani: tulibadili nusu ya maji, na yale mapya yakarudisha zile chumvichumvi. Siku ya tatu nitriti ilianza kushuka.

Umeona, mama? Hakuna hata mara moja tuliyobadili kwa sababu ya ukungu, harufu au utando wa kahawia kwenye kioo.

NAMNA YA KUBADILI

Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Kwetu sisi na watoto wetu hiyo ni kinga, lakini kwa bakteria wa tangi ni mauti. Jaza ndoo pana, iache bila mfuniko kwa saa 24 au zaidi, na ikiwezekana uyakoroge maji mara kwa mara. Klorini ya kawaida hutoka hewani. Lakini iko miji ambayo maji yake hutiwa kloramini badala ya klorini. Hiyo haitoki kwa kulaza ndoo. Hapo, au ukiwa na haraka, tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, kwa kipimo kilichoandikwa. Ndoo na mpira wa kunyonyea viwe vya tangi peke yake, visiwahi kugusa sabuni.

Kabla ya kutia mkono, chomoa chujio na chombo cha kupashia maji. Waya wa umeme upinde chini ya soketi, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi. Mkono wenye maji usiguse swichi, na watoto wafundishwe hivyohivyo. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 60 pamoja na kioo na changarawe lina uzito wa mtu mzima, kwa hiyo meza ya miguu myembamba haifai. Na tangi lisihamishwe likiwa na maji.

Sponji likiziba, lifinye polepole katika ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Usilipeleke bombani. Hilo ndilo kosa nililolifanya mara ya kwanza.

Na yale maji yaliyotolewa usiyamwage mtaroni. Nitrati ni mbolea. Bustani yangu ndogo ya mchicha iliyapenda kupita kiasi. Isipokuwa kama umetia dawa ya samaki au chumvi. Hayo yasimwagiwe mboga.

KUBADILI KWA MWISHO

Utajuaje kwamba tangi liko tayari? Jioni tia zile mililita 50. Jioni ya pili pima. Kama amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri katika muda wa saa 24, bakteria wako wanatosha. Sisi tulifika hapo siku ya 44. Hatukuamini, tukarudia kesho yake. Sifuri tena.

Lakini usikimbilie dukani bado. Kazi yote ile ya wiki sita imeacha nitrati nyingi. Yetu ilisoma 80. Hapa ndipo maji hubadiliwa kwa wingi, na hesabu yake ni nyepesi. Ukibadili nusu, 80 inakuwa 40. Ukibadili nusu tena, 40 inakuwa 20. Au ukiondoa robo tatu kwa mara moja, yaani lita 45 kati ya 60, unafika 20 palepale. Maji mapya yawe hayana klorini na joto lake lilingane na la tangi. Sponji na changarawe usiviguse.

Baada ya hapo samaki waingie siku hiyo au kesho yake. Ikiwa utachelewa, endelea kutia amonia kidogo, maana bakteria wasipokula hupungua, na siku ya kutia samaki ubadili maji tena.

Safari hii hatukununua samaki wa dhahabu. Mwalimu alituambia kwamba hao hukua wakubwa na hutoa uchafu mwingi, na lita 60 ni chumba kidogo kwao. Tulichukua gapi sita, samaki wadogo wenye mikia ya rangi, wote madume, ili tusije tukajikuta na vifaranga mia. Tulipima kila siku kwa wiki mbili. Amonia na nitriti zilibaki sifuri. Sasa tunabadili robo ya maji kila wiki, siku ya Jumamosi, na samaki wanalishwa kidogo mara moja kwa siku.

TULICHOJIFUNZA NYUMBANI

Kwa wiki sita na zaidi wageni walituuliza kwa nini tuna tangi la maji matupu sebuleni. Baba watoto alikuwa akiwatania, "Hao samaki wetu ni wadogo sana, hawaonekani." Kumbe ilikuwa kweli. Mtoto alichora jedwali kwenye daftari la hesabu, akaandika kila kipimo kwa tarehe, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona siku nitriti ilipoanza kushuka. Mtoto niliyemlaumu kwamba hajui kutunza ndiye aliyenizuia mkono nilipotaka kumwaga maji.

Mimi nami nimebaki na somo langu. Mara ya kwanza niliangalia tangi kwa macho, nikaliona chafu, nikaliosha mpaka likawa hatari. Kisha nikamwangalia mtoto kwa macho yaleyale, nikamhukumu bila kupima. Samaki wale wanne hawatarudi. Lakini asubuhi moja mwezi uliopita maji yalionekana na ukungu kidogo, nami kabla sijasema neno nilimsikia mwanangu akifungua kabati la vipimo. Nikakaa kitini nikamngoja anipe majibu.